Koti la Beni na Noeli ya Miaka ya Ishirini

Vijana wangu wa biro, ofisi yetu ya pamba, shofere wa kamioni ameniletea salamu zenu. Amesema mwaka huu mnataka kufanya tena Noeli ya miaka ya ishirini, nanyi mnaomba niwaandikie ile ya kwanza ilivyopangwa. Mkaongeza, kana kwamba ni jambo dogo, kuwa mngependa kuazima koti la beni la marehemu baba yangu. Hilo jambo dogo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Ya vyeo na mishahara sitayagusa, hayo kila mtu huyakumbuka kwa faida yake. Nitasema ya kazi, nitasema na ya koti, na mnivumilie nikikasirika katikati, maana bado sijamaliza kukasirika.

Nilianza kazi kwenye soko la pamba la Wamaza, karani wa mizani. Siku ya kwanza nilifika na viatu mkononi ili visichakae njiani, nikavivaa nyuma ya mti kabla ya kujitokeza. Aliyenipokea ni Mzee Feruzi, mpima pamba wa siku nyingi, mtu wa Kasongo kama mimi. Aliniangalia toka juu mpaka chini.

"Wewe mutoto ya Asumani, ule wa beni?"

"Ndiyo, mzee."

"Haufanane naye hata kidogo. Baba yako alikuwa mutu mufupi, mwembamba. Wewe uko kama mulango."

Sikulitilia maanani neno hilo. Lingenifaa kama ningelitilia.

Feruzi ndiye aliyenifundisha kazi. Alinionya nisiamini mizani kabla ya mkono. Kila kapu la pamba alilitumbukiza mkono mpaka begani, akatafuta jiwe, akatafuta unyevu, akatoa mkono akaunusa. Pamba kavu hailii ukiikamua. Mbichi hutoa sauti ndogo, na ukishaijua sauti hiyo hutaisahau. Siku moja bibi mmoja alileta pamba iliyonyeshewa njiani. Mzungu mnunuzi angeikataa, naye bibi angerudi kwao mikono mitupu, na kapita, msimamizi wa kijiji chake, angempeleka kwenye faini, kwa kuwa pamba ya wakati ule haikuwa hiari ya mtu. Feruzi akamwambia mzungu kwamba mizani imekwama. Akaifungua, akaipaka mafuta, akaifuta, akaifunga, akaifungua tena, huku bibi ameanika pamba yake kwenye mkeka juani. Ilipokauka, mizani ikapona. Hayo hamtayakuta katika maagizo ya kampuni.

Sasa niwaeleze koti, maana bila hilo hamtaelewa lolote. Baba yangu alichukuliwa kubeba mizigo katika vita vya Tabora, akarudi na koti la askari lenye vifungo vya shaba na mshipi mpana wa ngozi. Miaka ya ishirini, Kasongo ilipokuwa ikicheza beni, ngoma ile ya kupanga mistari kama askari na kupeana vyeo, yeye ndiye aliyekuwa Kingi, mfalme wao. Kila Jumapili mama alimvalisha koti, akamfunga mshipi, akamtoa mlangoni kwa kofi dogo begani. Baadaye wakubwa wa serikali wakaiogopa ngoma hiyo wakaikataza. Baba alikufa muda mfupi baadaye, na koti likalala sandukuni kwa mama.

Kwetu nguo ya namna hiyo haivaliwi hivi hivi. Mjane akimvalisha mtu nguo ya marehemu kwa mkono wake, mbele ya watu, basi mtu yule amelichukua jina. Ataitwa kwa jina la marehemu, mjane atamtania kama mumewe, na watoto wa marehemu watamwita baba. Mimi ndiye mtoto wa kwanza. Nilijua koti ni langu, nikangoja. Ila mama alishikilia kwamba koti la beni huvaliwa kwenye beni tu, na beni imekatazwa. Kwa hiyo nilingoja miaka, mimi na nondo.

Nilipohamishiwa biro ya Kasongo, kazi moja niliyoipenda kuliko mashini ya kuandika ilikuwa kupanga Noeli ya wafanyakazi. Msicheke kwamba Mwislamu ndiye aliyepanga Noeli. Nani mwingine angejua kwamba mbuzi wote lazima wachinjwe na mwalimu wa msikiti, la sivyo nusu ya biro watakula wali mtupu? Nani angejua sufuria za wenye pombe zisikae karibu na zetu? Kila mwaka nilifanya vizuri, kila mwaka direkteri alinishika mkono, nami nilirudi nyumbani nikimweleza mama kila kitu mpaka anasinzia.

Ndipo akaja Alfonsi. Kijana kutoka Kabambare, Mubangubangu kwa kabila, alisoma kwa mapadri, mdogo wa umbo, kravati yake imenyooka hata saa ya joto. Mimi aliniita yaya, yaani kaka mkubwa, tangu siku ya kwanza, kwa adabu kabisa, nami nilimchukia tangu siku ya kwanza, kwa adabu ile ile. Alipiga mashini bila kutazama vidole. Wafanyakazi walimcheka kidogo tu, kisha wakaanza kumpenda. Hakuna kinachochoma kama mtu usiyeweza kumtafutia kosa.

Mwaka ule Madamu, mke wa direkteri mpya, aliona katika gazeti la picha kwamba huko kwao watu hufanya karamu za miaka ya zamani. Akaamua Noeli yetu iwe ya miaka ya ishirini. Kila mtu aje kama watu walivyovaa wakati ule. Direkteri alituita akatueleza, akasema kwa kuwa safari hii yanatakiwa mawazo mapya, Alfonsi atapanga, na mimi nimsaidie upande wa sufuria.

Upande wa sufuria! Nilisema "Ndiyo, Bwana Direkteri" na masikio yangu yakalia.

Direkteri alipotoka, makarani walibaki wameduwaa. Miaka ya ishirini karani mweusi alivaa kaptula, na miguu ilikuwa mitupu. Tulihangaika miaka mingi mpaka kufikia suruali na viatu, sasa tuvivue kwa ajili ya Noeli? Nilifurahi kimoyomoyo. Nilidhani Alfonsi amekwama. Lakini yeye akamgeukia Feruzi, ambaye wakati huo alikuwa mzee wa kulinda depo, ghala letu la pamba, akamuuliza:

"Muzee, miaka ile, siku ya furaha, nyinyi mulikuwa munavaa nini?"

Uso wa Feruzi ukafunguka. "Siku ya furaha? Siku ya furaha tulikuwa tunacheza beni."

Alfonsi akaenda kwa direkteri kuomba ruhusa, na direkteri akakubali palepale, akasema ni wazo zuri sana. Alikuwa mgeni nchini. Hakujua kwamba wenzake waliwahi kuikataza. Hivyo ngoma iliyowanyima wakubwa usingizi ikaruhusiwa na mtu aliyekuwa akitafuta miwani yake mezani.

Hapo moyo wangu uliruka. Beni imeruhusiwa, basi koti linatoka. Sufuria nikazisahau kabisa. Nilikwenda mbio kwa mama.

"Mama, tutacheza beni siku ya Noeli. Koti nitavaa mimi."

Mama alifungua sanduku. Harufu ya karafuu ikajaa nyumba. "Jaribu kwanza," alisema, "tuone."

Nilijaribu. Mkono wa kwanza uliingia mpaka kwenye kiwiko ukakataa. Mkono wa pili nililazimisha, na mgongoni uzi ukalia. Vifungo na matundu yake vilitazamana kwa mbali. Mama alinizunguka, akanishika mabega, akacheka puani.

"Wewe ulifuata wajomba yako. Kwa baba yako hakukuwa mutu munene hata mumoja."

"Fundi anaweza kufungua pembeni, aongeze kitambaa."

"Makasi haitagusa ile koti, mimi nikiwa muzima. Vua, utaipasua."

Nilivua. Kama angesema sina akili, ningejitetea. Kama angesema sina heshima, ningemletea mashahidi. Lakini mtu atajiteteaje mbele ya mabega yake mwenyewe?

Siku zilizofuata Alfonsi alikuwa kwa mama kila alasiri. Alikuwa akipanga feti, sherehe yenyewe, alitaka kujua mistari ilisimama vipi, nani alitangulia, amri zilitamkwaje, nyimbo zipi ziliimbwa. Mama, ambaye kwangu husinzia, kwake alikesha mchana kutwa. Nilimkuta mara moja amesimama uani, mama yangu na umri wake, anamwonyesha Alfonsi jinsi Kingi anavyogeuka. "Hapana vile, mutoto! Geuka kama mutu mwenye iko na watu nyuma yake." Alfonsi akageuka. Mama akabaki anamtazama. Nami niliona alichokiona, kwa kuwa na mimi nilimkumbuka baba: kimo kile kile, shingo ile ile. Wivu ulinipanda mpaka nikasahau nilichokuja kufanya.

Vyeo vilipogawanywa, Alfonsi hakujipa Ukingi. Nawaambia kweli ili msidhani namsingizia. Alisema Kingi awe mimi, mtoto wa Asumani, nivae kanzu tu. Feruzi ndiye aliyekataa. "Kingi bila koti ni nini? Ni mutu anatembea tu." Wazee wengine wakaunga mkono, koti likamwangukia Alfonsi, mwenye kimo chake. Mimi nikafanywa Dakitari wa beni, na joho jeupe la kuazima. Wote walisema Dakitari ni cheo kikubwa. Watu huvisifu sana vyeo wasivyovitaka.

"Ni mchezo tu, Ramazani," mama aliniambia. "Nitamupa koti, atavaa mwenyewe, atacheza, atarudisha. Mimi simuvalishe." Nikashika neno hilo.

Noeli ilifanyika depo ya pamba, mchana baada ya misa. Magunia yalipangwa kuwa viti. Mbuzi walichinjwa na mwalimu, nilisimamia mwenyewe. Wazungu walikaa mbele: direkteri na kofia ya majani, Madamu na gauni fupi la shanga na unyoya kichwani, hata mabibi wetu wakaona heshima kutazama chini. Walipiga gramofoni, wakacheza wawili wawili ngoma ya kurusha miguu. Watu walipiga makofi kwa adabu.

Kisha Feruzi akaipasha ngoma moto, akaipiga mara moja, na wazee wote wa Kasongo waliokuwa mle ndani wakanyoosha migongo. Makarani wakaingia kwa mistari: Gavana, Jenerali, mimi Dakitari na chupa ya maji ya rangi. Alfonsi alibaki pembeni. Koti alikuwa amelivaa mwenyewe kama ilivyopatanwa, ila mshipi ulimshinda. Kishikizo chake cha zamani kina ujanja, lazima ukibonyeze na kukivuta kwa pamoja. Alivuta, ukateleza. Alivuta tena. Ngoma ilikuwa ikimngoja, watu wakaanza kucheka.

Mama alikuwa ameketi mkekani na mabibi wenzake. Niliona anainuka. Sidhani alifikiri lolote. Mkono wake ulikuwa umeufunga mshipi ule Jumapili zote za ujana wake. Akamfikia, akabonyeza, akavuta, akamnyoosha kola, akampiga kofi dogo begani la kumtoa mlangoni.

Feruzi akasimamisha ngoma. Mabibi wakatazamana. Kisha mmoja wao akapiga kigelegele, akapaza sauti: "Asumani amerudi!" na depo nzima ikalipuka. Mama aliweka mkono mdomoni. Aliangalia mshipi, akaniangalia mimi, akaelewa alichofanya. Halafu akacheka. Kicheko kile sikuwa nimekisikia tangu baba afariki. Mimi nilijaribu kumchekesha mama yangu miaka mingi, kwa vitenge, kwa habari, kwa wajukuu. Alfonsi alimchekesha kwa kushindwa kufunga mshipi.

Wazungu walipiga makofi sana. Walidhani ndivyo mchezo ulivyopangwa.

Siku ya kurudi kazini, Feruzi alisimama mlangoni pa depo akavua kofia: "Jambo, Muzee Asumani." Alfonsi alicheka, lakini wengine hawakucheka. Ilipofika jioni biro nzima walimwita Asumani, na mimi mwana wa Asumani. Koti halikurudi tena sandukuni, likabaki kwake. Padri alisikia, akamwita kumuuliza kama amesilimu. Alijibu kwamba hajasilimu, amevalishwa tu, na padri akaishiwa maswali.

Ningeweza kumsamehe kama angelichukua kama mchezo. Hakulichukua hivyo. Kila alipotoka kwao alimletea mama mahindi ya kwanza na chumvi. Alirekebisha mlango wake. Siku ya Idi, yeye Mkristo, alimnunulia leso, na mama akaivaa siku hiyo hiyo, wakati kitenge changu cha mwaka uliopita kilikuwa kingali kimekunjwa. Nikienda kumsalimu naambiwa, "Mume wangu amepita sasa hivi, amekula sombe yote." Na mimi aliendelea kuniita yaya, kwa upole ule ule, kama mtu asiyeniibia kitu. Kumwita baba nilikataa. Miaka yote tuliyokaa meza jirani nilimwita Musiyo Alfonsi, kama unavyomwita bwana usiyemjua.

"Utamuita Musiyo mpaka siku gani?" Feruzi aliniuliza.

"Mpaka anenepe," nilimjibu.

Hakunenepa. Alipohamishwa kwenda kusimamia depo ya Kabambare, karatasi ya uhamisho niliipiga mimi kwenye mashini, na sikukosea herufi hata moja. Nyumbani nilichinja kuku. Mama alilala bila kula.

Mama alipougua, ugonjwa wake wa mwisho, mimi ndiye niliyemgeuza, niliyempepea, niliyempa uji. Siku ya tatu alifumbua macho akaniangalia vizuri kabisa, akanijua, akaniuliza: "Asumani iko wapi?" Nilitoka nje. Nilisimama ukutani mpaka nikatulia. Kisha nikamtafuta shofere wa kamioni anayekwenda Kabambare.

Alfonsi alifika na koti ndani ya kifurushi. Alilivaa uani bila kuambiwa, akaingia, akaketi chini karibu na kitanda. Mimi nilikuwa mlangoni na bakuli la uji.

"Asumani," mama alisema, "ile siku ya beni ya mwisho ulichelewa, mimi nikafunga mulango. Ulilala inje, mvua ikanyesha. Ukakohoa. Halafu ukakufa. Nisamehe."

Habari hiyo sikuwahi kuisikia. Alikuwa ameibeba peke yake miaka yote ile, na mimi nikimweleza habari za sufuria.

Alfonsi hakusema kwamba yeye si Asumani. Alimshika mkono. "Mvua ilikuwa kidogo," alisema. "Mimi nilisamehe asubuhi ile ile. Lala, mama yao."

Mama alilala. Alifariki kabla ya Ijumaa.

Nami nitawaambia nilichosikia moyoni pale mlangoni, maana niliahidi kutoficha hasira. Nilimshukuru. Na nilimwonea wivu kuliko siku zote, kwa sababu radhi ile mimi nisingeweza kumpa mama, hata ningepiga magoti.

Matanga yalipokwisha, Alfonsi aliliweka koti juu ya magoti yangu. "Yaya, mama ameenda. Irudi kwako." Nilichukua. Nilipobaki peke yangu nililijaribu tena, nikidhani labda huzuni imenipunguza. Mke wangu alichungulia, akaniona mikono imekwama hewani, akasema maneno ya wajomba, neno kwa neno kama mama.

Lilikaa kwangu masika yote. Kisha siku moja nililikunja, nikalitia karafuu, nikampelekea shofere.

"Peleka Kabambare."

"Kwa nani, muzee?"

"Kwa baba yangu."

"Baba yako? Si alikufa zamani?"

"Iko Kabambare, kwenye depo ya pamba. Anaitwa Alfonsi." Nikamkataza asimwambie mtu. Alimwambia kila mtu njia nzima.

Kwa hiyo koti haliko kwangu, vijana. Mwandikieni yeye, na msimwombe koti peke yake, mwombeni aje nalo. Mbuzi achinjwe na mwalimu. Sufuria mzitenge. Ngoma ipashwe moto kabla, si katikati. Atakapovaa, mshipi msiuguse, mtauvunja kishikizo. Nitakuja mapema niufunge mwenyewe. Kisha mnitafutie kiti nyuma ya magunia, mahali ambapo simwoni sana.